F, A, S: herufi tatu kutoka kisiginoni

Najua kibaraza hiki kimeota vumbi. Kazi za gazetini zimenibana, na siku chache nilizopata nafasi nilikuwa barabarani kwenda nyumbani Kidatu. Leo nimerudi na mzigo. Habari yenyewe gazetini nilipewa maneno mia nne, yakakatwa yakabaki mia mbili na nusu kwa sababu lilikuja tangazo la mnada dakika za mwisho. Sina kinyongo, tangazo ndilo linalolipa mshahara wangu. Lakini hapa hakuna mnada, kwa hiyo vuteni mkeka mkae.

Nataka tuzungumze juu ya herufi. Si herufi za darasa la kwanza, bali zile zinazoandikwa kwenye karatasi ya majibu baada ya mtoto mchanga kutobolewa kisigino na tone la damu yake kupelekwa maabara. Karatasi inarudi na herufi mbili au tatu tu: FA, FAS au FS. Basi. Hakuna maelezo. Na ndani ya herufi hizo kuna maisha ya mtoto, ndoa ya wazazi wake, na mara nyingine jina la bibi fulani kijijini anayesingiziwa uchawi.

FA maana yake mtoto hana tatizo. FAS ana chembe ya kurithi ya seli mundu lakini si mgonjwa. FS, mara nyingi, ni mgonjwa wa seli mundu, ule ambao mitaani tunauita sikoseli. Mundu ni ule ule mnaoujua, wa kuvunia mpunga. Chembe nyekundu ya damu ambayo ilitakiwa iwe ya mviringo inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha mifupa ikimuuma.

Jambo lililonishika mimi ni ile F. A ni himoglobini ya watu wazima, S ni ile yenye kasoro. Sasa F ni ya nani, na kwa nini kwa mtoto mchanga inaandikwa ya kwanza?

F ni himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Himoglobini, kwa wale waliolala kwenye kipindi cha baiolojia, ni ile protini nyekundu ndani ya chembe za damu inayobeba oksijeni. Imeundwa kwa minyororo minne: miwili inaitwa alfa, miwili mingine beta. Hiyo ndiyo A. Mtoto tumboni naye ana alfa mbili, lakini mahali pa beta ameweka mnyororo mwingine unaoitwa gama. Kwa nini? Kwa sababu yeye hapumui. Oksijeni yake yote anaitoa kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma, na ili aipate, himoglobini yake inabidi iishike oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama. F inafanya hivyo. Mungu ana mahesabu yake.

Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake, kama asilimia 60 hadi 80, bado ni F. Baada ya hapo mwili unazima gama taratibu na kuwasha beta. Kufikia mwaka mmoja, F kwa watoto wengi imebaki kidogo sana. Wanaandika F kwanza kwa sababu ndiyo nyingi. Herufi zinapangwa kwa wingi.

Sasa nije nyumbani.

Dada yangu mkubwa ameolewa pale pale Kidatu. Shemeji ni mtu wa miwa, msimu ukifunguliwa yuko shambani, ukifungwa anahangaika na bodaboda. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mnene na mwenye afya. Alipofika miezi miwili, kwa sababu kulikuwa na mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua, dada akampeleka mahali fulani kupimwa. Mahali penyewe sipataji, na hata nikipataja haitasaidia, maana wanaofanya hivyo wako wengi nchi nzima. Wakachukua damu, wakaichanganya na dawa kwenye kichupa, wakaangalia kama maji yanaingia ukungu. Hayakuingia. Wakaandika: hana.

Dada akarudi nyumbani amepumua. Mtoto akaendelea kunenepa.

Mwezi wa tisa mikono na miguu ikavimba. Si kidogo, ikavimba kama imepuliziwa, na ukimgusa vidole anapiga kelele. Mama mkwe akasema mtoto ametupiwa kitu. Majirani wakaleta dawa za kupaka. Homa ikapanda, macho yakawa manjano, damu ikaisha mwilini. Alifika Ifakara, karibu kilometa 70, amelala mapajani kwa mama yake hana hata nguvu ya kulia. Wakamwongezea damu. Akapona.

Lakini swali la dada lilikuwa lile lile, na aliniuliza mimi kwa sababu ndiye niliyesoma: "Si walisema hana? Sasa imetoka wapi?"

Ndipo nilipoanza kusoma, na kuuliza watu wa maabara hapa Dar, na kusumbua kila daktari niliyepata namba yake. Jibu ni hili: haikutoka popote. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ila kile kipimo cha ukungu kinategemea S iwe nyingi kiasi cha kutosha, na mtoto wa miezi miwili bado analindwa na F. F haikubali kujipanga pamoja na S kwenye zile nyuzi zinazoikunja chembe. Inaingia kati kama mzee mwenye busara kwenye ugomvi. Kwa hiyo damu ya kichanga inaonekana safi, mtoto mwenyewe anaonekana mzima, na kipimo kile hakitakiwi kuaminiwa kabla ya miezi sita. Jambo hili si jipya hata kidogo. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, pamoja na wenzake waliandika kwamba vichanga wana chembe chache za mundu kuliko mama zao, na wakahisi kwamba inayowalinda ni himoglobini ya tumboni. 1948! Tanganyika bado ina gavana.

Basi kama huwezi kungoja ukungu, unafanyaje? Inabidi uzitenganishe hizi himoglobini, moja moja, uzione kwa macho. Na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo, kwa sababu ni ndugu wanaofanana mno.

Watu wa bonde la Kilombero watanielewa nikitumia mpunga. Ukichukua ungo ukapepeta, utatenga mchele na pumba, kwa kuwa uzito wao ni tofauti. Lakini nikikuchanganyia Supa na Saro kwenye gunia moja, ungo utakusaidia nini? Zote ni mchele, uzito karibu ule ule. Unahitaji njia nyingine kabisa. Himoglobini nazo ndivyo zilivyo. Mnyororo wa beta una vipande 146 vya asidi amino vilivyofuatana kama shanga. Tofauti ya A na S ni ushanga mmoja tu, wa sita: kwa A ni glutamiki, kwa S ni valini. Ushanga mmoja kati ya 146, na mtoto anavimba mikono.

Bahati nzuri ni kwamba glutamiki ina chaji hasi ya umeme na valini haina. Mwaka 1949 kule California, Linus Pauling na wenzake watatu, Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells, waliweka himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya ndani ya umeme na kuangalia zinavyotembea. Hazikutembea sawa. Na ya wale wenye chembe ya kurithi tu ilijigawa mafungu mawili, moja la A na moja la S. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kuonyeshwa kuwa ni kasoro ya molekuli ya protini. Miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge akaikata ile protini vipande, akavitawanya juu ya karatasi, akakikuta kimoja tu kimehama mahali pake. Ndani ya kipande hicho ndimo ulimokuwa ule ushanga.

Umeme. Mimi mtoto wa Kidatu nikisikia neno hilo nanyanyua kichwa. Pale kwetu kuna kituo cha maji ya Ruaha Mkuu, mashine 4 za megawati 51, jumla 204, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975. Nyaya zinapita juu ya mapaa ya watu kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiniuliza, tone la damu la mpwa wangu lilisafiri kwa basi kuufuata umeme ambao ulipita juu ya nyumba aliyozaliwa. Nisiendelee na hapo, nitaonekana mchochezi.

Kwa mtu mzima kazi ni rahisi. Kwa mtoto mchanga kuna mgeni wa tatu, F, na yeye ndiye mwenye nyumba. Kwenye ile njia ya kawaida ya umeme, F inakimbia karibu sana na A. Kama A ni kidogo, F inaifunika kama mtu mnene aliyekaa mbele yako kwenye daladala. Ukiangalia huwezi kusema kwa uhakika kama kuna A nyuma yake au hakuna, na hiyo ndiyo tofauti kati ya FAS na FS. Tofauti kati ya mtoto mzima na mgonjwa.

Wataalamu wakatafuta njia. Moja ni kubadili ile jeli na kuifanya ya asidi, ambapo F na A zinaachana vizuri. Nyingine ni jeli yenye ngazi ya asidi kutoka mwanzo hadi mwisho: kila himoglobini inatembea mpaka ifike mahali ambapo chaji yake inakuwa sifuri, inasimama hapo, inachora mstari mwembamba. Nyingine ni mashine inayosukuma damu kwenye bomba lililojazwa punje ndogo zinazokamata protini. F inatoka kwanza, kisha A, kisha S, na kompyuta inachora vilima. Niliwahi kuonyeshwa karatasi ya vilima hivyo. Unaona mlima mkubwa wa F kama Udzungwa, halafu kichuguu kidogo cha S pembeni, na mahali pa A ni tambarare. Yule fundi wa maabara hakusema kitu. Aliweka kidole pale penye tambarare akakiacha.

Hata hiyo F yenyewe, ukiichunguza zaidi, si moja. Ni mapacha. Mwaka 1968 Walter Schroeder na wenzake walionyesha kwamba kuna gama za aina mbili, zinazotofautiana ushanga mmoja, wa 136: moja ina glisini, nyingine alanini. Hizo zote mbili hazina chaji, kwa hiyo umeme wa kawaida unazipita kama hauzioni. Inabidi utumie njia inayoangalia jinsi protini inavyopenda au kuchukia maji. Wakati wa kuzaliwa pacha wa glisini ni wengi, kama robo tatu hivi. Baadaye wanageuka, wa alanini wanawazidi. Nani aliyewaambia wageuke? Mwili una saa yake.

Na si himoglobini peke yake. Ukitoa chembe zote ukabaki na maji ya damu ya mtoto wa tumboni, utakuta albumini, ile protini tunayoishi nayo maisha yote, na ndugu yake alfa-fetoprotini, ambayo ni ya kipindi cha mimba na inaonekana pia kwenye maji ya uzazi. Bergstrand na Czar waliiona mwaka 1956 kwa njia hiyo hiyo ya umeme juu ya karatasi, mstari mmoja ambao damu ya watu wazima haikuwa nao. Baadaye, mwaka 1963 na 1964, Warusi Abelev na Tatarinov wakaikuta inarudi kwenye saratani ya ini, Abelev kwa panya, Tatarinov kwa watu. Yaani mtoto ana seti nzima ya protini za safari, na akifika anazivua kama koti.

Nirudi kwenye kisigino. Niliuliza: kwa nini kisigino, wakati damu ya kitovu ipo, imejaa, na inatupwa? Damu ya kitovu inatumika, na tafiti nyingi zilianza nayo. Lakini ina mtego. Matone machache ya damu ya mama yakichanganyika nayo, umeharibu. Dada yangu ana A na S. Damu yake ikiingia kwenye sampuli ya mtoto mwenye FS, karatasi itaonyesha A ambayo si ya mtoto, na mtoto ataandikwa FAS, aende nyumbani. Ukitoboa kisigino, damu ni ya mtoto mwenyewe. Mtego wa pili ni ule uliompata mpwa wangu: akishaongezewa damu, amebeba A ya mtu mwingine. Ikabidi tungoje miezi kadhaa chembe za mchangiaji zife, maana chembe nyekundu huishi kama siku 120, ndipo apimwe upya. Miezi hiyo ilikuwa mirefu.

Jibu likaja: SF. S imeshakuwa ya kwanza. A hakuna.

Hapa ndipo nyumba ilipotaka kuvunjika. Upande wa mume wakasema ugonjwa umeletwa na mwanamke, kwao hakuna kitu kama hicho. Mama mkwe, ambaye namheshimu, akasema sura ya mtoto tu inaonyesha ametoka ukoo wa wagonjwa. Dada akaanza kufunga mizigo. Nikapanda basi.

Sikwenda kutoa hotuba. Shemeji ni mkubwa kwangu, na kijana wa Dar ukifika na makaratasi unaonekana umekuja kuwafundisha watu maisha. Nilimwambia tu, "Shemeji, twende wote Ifakara tukapime, mimi na wewe. Gharama zangu." Njiani tuliongea mpira. Majibu ya wote wawili yalikuwa AS. Yeye AS, mimi AS. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Nikamweleza kwamba mtoto mwenye S mbili lazima moja atoe kwa baba, nyingine kwa mama, hakuna njia nyingine. Akauliza swali moja: "Kwa hiyo ni wetu sote?" Nikamwambia ndiyo, ni wenu sote. Aliporudi aliongea na mama yake mwenyewe, mlango umefungwa. Sijui alisema nini. Dada alifungua mizigo.

Kwa nini sisi watu wa bonde tuko na S nyingi? Hili nalo lina historia ya hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949 akiwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, alipima damu za watu, akaona kwamba S ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye nyanda za juu. Akajiuliza kuna nini kule chini ambacho juu hakipo. Mbu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye AS anapata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo S ilibaki kwetu kwa sababu iliwahi kuokoa watoto wengi. Kilombero, ambako utafiti wa malaria umefanyika kwa miongo mingi pale Ifakara, sidhani kama kuna wa kushangaa. Ila msichanganye: mwenye AS analindwa, mwenye SS halindwi. Kwake malaria ni hatari kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye siasa kidogo, maana mnanijua. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye seli mundu. Tuko kwenye kundi la nchi za juu duniani. Wasipogunduliwa, sehemu kubwa hawafiki miaka mitano, na kwenye cheti kunaandikwa malaria, nimonia au upungufu wa damu. Je, uwezo wa kuwapima hatuna? Tunao. Kati ya 2015 na 2016 Muhimbili walipima vichanga karibu 4,000 Dar es Salaam, wakakuta 31 wenye ugonjwa. Kanda ya Ziwa, wataalamu wa Bugando wakafanya jambo la akili sana: walichukua yale matone ya damu kavu yaliyokwishapelekwa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto, zaidi ya 17,000, wakayapima tena kwa ajili ya seli mundu. Karibu asilimia 20 walikuwa na chembe ya kurithi, na zaidi kidogo ya asilimia 1 walikuwa wagonjwa. Tone lile lile, karatasi ile ile, basi lile lile. Siku hizi pia kuna vipimo vidogo vya kijiti kama HemoTypeSC, vinavyotumia kingamwili kuitambua A na S bila kubabaishwa na F, na majibu yanatoka hapo hapo bila umeme.

Na ukishajua, kuna la kufanya. Huu si ule ugonjwa wa kukaa kungoja. Penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, mpaka miaka mitano: utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi makali ya nimokoka kwa asilimia 84, ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima kundi la pili. Chanjo. Chandarua. Mama kufundishwa kupapasa bandama. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye bei ya ndege.

Halafu kuna dawa ya haidroksiyurea. Inafanya nini? Inaiamsha F. Ndiyo, ile koti la safari, linarudishwa. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ukachapishwa 2019 uliwapa dawa hiyo watoto 606. Maumivu yakapungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Kuna watu ambao saa yao haikuzima gama vizuri. Wana S mbili lakini F yao imebaki juu, na wanaugua kidogo kuliko wenzao. Kwa nini wao? Profesa Julie Makani na wenzake Muhimbili, ambao wamekuwa wakifuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu 2004, walichapisha mwaka 2011 utafiti wa vinasaba vinavyopandisha F kwa wagonjwa wa Tanzania, wakilinganisha na wa Uingereza. Kimoja ya hivyo vinasaba, BCL11A, ndicho swichi inayozima gama. Na mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani wakaidhinisha Casgevy, tiba inayochukua seli za uboho wa mgonjwa, inaharibu swichi hiyo, na kuzirudisha. F inarudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nimejaribu kuzigawa kwa mshahara wa shemeji kwa msimu mmoja nikaacha. Hapa nyumbani, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye seli mundu mwaka 2023, na hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini mtoto wa kupandikizwa ni yule aliyefika hai. Kwanza kisigino.

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Anakunywa dawa zake, ana kadi ya kliniki iliyochakaa, anapenda kupanda juu ya bodaboda ya baba yake ikiwa imesimama na kupiga honi. Mwaka huu alilazwa mara moja tu.

Dada alipobeba mimba ya pili hakulala vizuri kwa miezi tisa. Robo moja kwa kila mimba: ndiyo hesabu ya AS na AS. Watu wengi wanadhani ukishapata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata ni salama. Hapana. Ni kama kurusha sarafu. Sarafu haikumbuki ulichopata jana. Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa sita. Safari hii hakuna kichupa cha ukungu. Kisigino, karatasi, kukausha kivulini, bahasha, basi. Wiki tatu.

Jibu nililipokea mimi kwanza, kwa simu, nikiwa chumba cha habari. Nilimwomba yule wa maabara anisomee herufi moja moja. Akasema F. Nikangoja. Akasema A. Sikusikia iliyofuata, ikabidi arudie: S. FAS. Nilipompigia dada, alinyamaza kwanza, halafu akaanza kuniuliza nimekula nini mchana.

Limebaki la kwangu. Mimi ni AS, nimeshawaambia. Kuna binti ambaye wazee wa pande zote mbili wameanza kumtaja kwa jina la mkwe, na ukoo wake unatoka Musoma, kandokando ya lile Ziwa la Allison. Bado hajapima. Jumamosi hii nimemwomba tuonane, na nimekuwa nikipanga maneno kichwani kama napanga kichwa cha habari, kila nikiandika nakifuta. Nadhani nitamweleza kuhusu mpwa wangu na honi, halafu nimwombe twende wote, kama nilivyokwenda na shemeji. Akiwa AA, tutacheka. Akiwa AS, tutakuwa na mazungumzo marefu, na nitataka tuyafanye sasa, kabla ya mahari, kuliko kuyafanya usiku mmoja Ifakara na mtoto mapajani.

Nyie je, herufi zenu mnazijua? Si lazima mniambie mimi. Waambieni wale mnaotaka kuzaa nao.

Naomba kuwasilisha.